ONYO LA SANDUKU LILILOJAA

Hotuba iliyosomwa na karani mmoja wa mizigo mbele ya mkutano wa tawi. Inapigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku ile.



Kamati iliniomba niseme juu ya jambo moja linalosumbua watu wengi katika tawi letu, nalo ni lile onyo linaloingia katika barua pepe ya kazi na kusema, "Sanduku lako la barua limejaa." Wako wanaoliona kila asubuhi. Wako waliofuta barua zao zote kwa hofu, na kesho yake onyo likarudi vile vile. Tena wako waliobonyeza pale walipoambiwa wabonyeze, na sanduku lao likaingia mikononi mwa wezi.

Mimi si fundi wa kompyuta. Ni karani wa mizigo, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Lakini orodha za mabehewa huniletea kazi kwa barua pepe kila siku, na kwa sababu hiyo nimejifunza habari za sanduku hili kwa kuuliza mafundi, kwa kusoma na kwa kujaribu. Nitasema kwa maneno mepesi. Mtu akisikia neno gumu na anyoshe mkono.

Huenda mtu akauliza, "Mambo ya kompyuta yanakihusu nini chama?" Ndugu zangu, yanakihusu sana. Siku hizi ruhusa ya likizo huja kwa barua pepe. Hesabu ya ovataimu huja kwa barua pepe. Karatasi ya mshahara kadhalika. Hata barua ya kumtaka mtu ajieleze kabla ya kuadhibiwa huja kwa njia hiyo hiyo. Asiyejibu huambiwa, "Tulikuandikia ukanyamaza." Basi sanduku la barua la mfanya kazi ni mlango wa haki zake. Mlango huo ukizibwa, au ufunguo wake ukiibiwa, anayeumia ni yeye.

BENDERA NYEKUNDU NA BENDERA YA KIJANI

Sisi watu wa reli tunajua jambo moja ambalo linatosha kutuongoza. Dereva akiona bendera nyekundu husimama, hata kama anayeipunga ni mtoto mchunga mbuzi. Hata mtu asiye na bendera akipunga shuka kwa nguvu kando ya njia, dereva husimama. Lakini ruhusa ya kwenda haipokei kwa mtu yeyote tu. Ruhusa ya kwenda huipokea kwa yule aliyewekwa kuitoa, kwa njia iliyowekwa. Kwa nini? Kwa sababu kusimama bure hupoteza dakika chache, lakini kwenda bila ruhusa huua watu.

Onyo la sanduku lililojaa lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza husema, "Kuna hatari." Hiyo ni bendera nyekundu: simama. Sehemu ya pili husema, "Bonyeza hapa, andika neno lako la siri, nasi tutakuongezea nafasi." Hiyo ni bendera ya kijani, na aliyeishika humjui. Usiende. Ukikumbuka hilo tu, hata ukiyasahau mengine yote, nitakuwa sikupoteza wakati wenu.

SANDUKU LIKO WAPI, NA LINAPIMWA VIPI

Wengi hudhani barua zao zimo ndani ya kompyuta iliyo mezani. Sivyo. Barua hukaa katika kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo huenda iko makao makuu au iko ng'ambo. Kompyuta ya mezani huonyesha barua hizo, na mara nyingi huweka nakala yake. Ni kama ghala na daftari: mizigo imo ghalani, na karani ana daftari linaloonyesha kilichomo. Mkizijua mbali mbali hizo mbili, mtafahamu kwa nini onyo jingine husema uongo bila ya mwizi kuhusika.

Seva hupima kwa gigabaiti, ambayo huandikwa GB. Picha moja ya simu ina kiasi cha megabaiti 4. Basi sanduku la GB 2 hujazwa na picha kama 500, na mtu anayepiga picha za mizigo iliyoharibika na kuzituma kila siku atalijaza upesi.

Katika mitambo ya Microsoft, ambayo maofisi mengi huitumia, kuna alama tatu. Ukifika alama ya kwanza unaonywa, lakini unapeleka na kupokea barua kama kawaida. Ukifika ya pili huwezi tena kupeleka, ila bado unapokea. Ukifika ya tatu hupeleki wala hupokei, na kila barua unayoandikiwa hurudishwa kwa aliyeiandika. Kwa mfano, katika seva ambazo kampuni huziweka zenyewe, mtambo huja umewekewa alama hizo kwenye GB 1.9, GB 2 na GB 2.3, na fundi anaweza kuzibadilisha.

Angalieni vizuri jambo hili. Onyo la kweli la kwanza halikufungii kitu. Hakuna sababu ya kutetemeka. Anayekuambia kwamba sanduku litafutwa lote baada ya saa 24 usipobonyeza anataka ukimbie kabla hujafikiri.

ONYO LA MWIZI

Sasa nieleze kazi ya mwizi. Mwizi hutunga barua inayofanana na ya mafundi wa ofisi. Huweka alama ya kampuni. Huchora mstari mwekundu ulioandikwa asilimia 98. Chini yake huweka kitufe. Ukikibonyeza, unafunguliwa ukurasa unaofanana kabisa na ule unaoingilia barua zako kila siku, na unaombwa neno la siri. Ukiliandika, hakuna nafasi yoyote inayoongezwa. Neno lako limekwenda.

Mwizi hufanya nini nalo? Kwanza, huingia na kusoma. Pili, anaweza kuandikia idara ya mishahara kwa jina lako: "Nimebadilisha benki, pelekeni mshahara wa mwezi huu katika akaunti hii." Tatu, huandikia wenzako onyo lile lile, nao hulipokea wakiona limetoka kwako, mtu wanayemjua. Nne, huweka amri ya siri katika sanduku, kwamba kila barua inayoingia ipelekwe kwake pia, au barua za aina fulani zifichwe usizione.

Ziko dalili za kumtambua. Anwani ya aliyeandika, hasa yale maneno yaliyo nyuma ya alama ya @, si ya kampuni yako. Katika simu anwani hii mara nyingi hufichwa nyuma ya jina, basi gusa jina uione. Salamu ni ya mtu asiyekujua. Haraka ni nyingi. Ukiweka mshale wa kompyuta juu ya kitufe bila kubonyeza, utaona anwani ya mahali kinakokupeleka, nayo ni ya ajabu.

Lakini nawaonya, msitegemee dalili peke yake. Wezi wa siku hizi huandika lugha safi. Tena barua inaweza kutoka katika sanduku la kweli la mwenzako ambalo limekwisha kuibiwa. Na wako wanaotuma mchoro wa miraba midogo midogo wa kupigwa picha kwa simu, ili usiione anwani kabisa. Kwa hiyo usikae kuichunguza barua kama hakimu. Iache hapo ilipo. Nenda mwenyewe mlangoni ukaangalie.

NENDA MLANGONI KWA MIGUU YAKO

Kwenda mlangoni ni hivi. Funga ile barua. Fungua barua pepe ya kazi kwa njia unayoitumia kila siku, si kwa kitufe cha ndani ya barua. Kama unatumia Outlook ya mtandaoni, bonyeza ile alama ya gurudumu lenye meno, kisha tafuta neno Storage. Hapo utaona nafasi uliyopewa, uliyotumia, na folda zipi zimekula zaidi. Kama unatumia Outlook ya zamani iliyo ndani ya kompyuta, bonyeza File, kisha Tools, kisha Mailbox Cleanup, kisha View Mailbox Size. Hapo kuna kurasa mbili: mmoja unaonyesha nakala iliyo mezani, na wa pili, ulioandikwa Server Data, unaonyesha ghala lenyewe. Tazama ule wa pili.

Sasa una hesabu mkononi. Yatakuwa mambo matatu.

Jambo la kwanza: seva inasema nafasi iko tele, na onyo lilikuja kwa barua tu. Onyo hilo yaelekea ni la mwizi, au ni la zamani. Usilijibu. Wapelekee habari mafundi kwa simu ile unayoijua siku zote, wala si kwa namba iliyoandikwa ndani ya barua yenyewe.

Jambo la pili: seva inasema nafasi iko, lakini programu ya mezani yenyewe inalia kwamba imejaa. Hapa lililojaa ni daftari, ghala halijajaa. Faili la nakala la Outlook, tangu Outlook ya mwaka 2010, huwa na mpaka wa GB 50, ila fundi akiubadilisha. Likifika hapo hukataa kuongezeka, ingawa seva bado ina nafasi. Au pengine diski ya kompyuta imejaa mafaili mengine kabisa. Kufuta barua peke yake huenda kusitoshe hapa. Mwite fundi apunguze muda wa barua zinazowekwa mezani, au aitengeneze nakala upya.

Jambo la tatu: seva inasema kweli umejaa, na wewe unaona barua chache tu. Hapo tutafute mizigo iliyofichika.

MABEHEWA YALIYO SAIDINGI

Behewa ukilisukuma saidingi halijatoka yadini. Bado linachukua nafasi. Ndivyo ilivyo kwa barua uliyoifuta. Huingia katika folda iitwayo Deleted Items, na humo bado inahesabiwa. Mtu hufuta barua 1,000, akafurahi, na onyo likabaki pale pale, naye akasema kompyuta ni mwongo. Kompyuta haikusema uongo. Mabehewa yako saidingi.

Baada ya folda hiyo tazama Sent Items, yaani nakala za barua ulizopeleka wewe. Watu wengi hawaikumbuki, na humo ndimo zilimo picha zote walizotuma. Tazama Junk Email. Tazama kalenda, maana mwito wa mkutano ukija na kiambatisho kikubwa, kiambatisho hicho hukaa kalendani. Katika Outlook ya mezani tazama pia Sync Issues, ambapo hukusanyika nakala za barua zilizogombana kati ya meza na seva. Zipange barua kwa ukubwa, uanze na zile nzito. Barua kumi zenye picha huachia nafasi kuliko barua elfu moja za maneno matupu.

Kuna na jambo la saa. Katika seva za kampuni, onyo la kweli huandikwa kwa zamu, kwa kawaida usiku, mara moja kwa siku. Kwa hiyo onyo unalolisoma asubuhi liliandikwa usiku, kabla hujasafisha. Angalia saa na tarehe yake. Vile vile fundi akikuongezea nafasi, mtambo haupati habari papo hapo. Huenda ukachukua saa mbili au zaidi. Katika saa hizo onyo linaweza kuja, nalo ni la uongo bila ya kuwa na mwongo. Ngoja, kisha tazama tena.

La mwisho katika fungu hili: angalia onyo ni la sanduku gani. Wengi wetu tuna sanduku la kazi, tuna lile la pamoja la stesheni au la idara, tena tuna la nyumbani. Gmail ya bure ina GB 15, na hizo ni za barua, mafaili na picha zote kwa pamoja. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinazohifadhiwa huko huhesabiwa pia. Basi mtu huona onyo katika simu yake, akafuta barua za kazi, kumbe kilichojaa ni picha za harusi ya shemeji yake.

USIFUTE USHAHIDI WAKO

Ndugu zangu, hapa ndipo chama kinapoingia. Mtu anayeogopa onyo hufuta ovyo. Na anachokifuta ni nini? Ni ruhusa ya likizo iliyotiwa sahihi miaka miwili iliyopita. Ni barua ya msimamizi inayosema, "Kaa usiku mpaka treni ipite, saa zako zitaandikwa." Ni malalamiko uliyoandika juu ya breki mbovu ya troli, kabla haijamwangukia mtu. Siku ya mashtaka hayo ndiyo yangekutetea. Onyo la uongo linaweza kumfanya mtu achome nyumba ya ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kufuta, tenga. Barua zote zinazohusu mshahara, likizo, ovataimu, afya, ajali na nidhamu ziwekwe katika folda moja, nayo isiguswe. Barua hizi huwa ni maneno tu, hazili nafasi. Futa picha, orodha za zamani ambazo ofisi ina nakala yake, na matangazo. Karatasi zako za mshahara zipige chapa uziweke nyumbani. Lakini nawasihi, msihamishe barua za kazi zenye siri za wateja au za wenzenu kwenda katika masanduku ya nyumbani bila ruhusa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, tena mwenye kazi anaweza kupata sababu ya kukushtaki. Ukihitaji nafasi ya kuhifadhi, omba kwa maandishi ufunguliwe sanduku la akiba.

Na aliyekwisha kufuta asikate tamaa. Katika mitambo ya Microsoft, barua iliyotolewa hata katika Deleted Items huwekwa mahali pa siri kwa siku kadhaa, kwa kawaida 14, na fundi anaweza kuweka mpaka 30. Katika Outlook kuna amri iitwayo Recover Deleted Items. Itumie mapema, maana siku zikipita barua imekwenda.

Liko na jambo jingine la kukutetea. Nimesema kwamba sanduku likifika alama ya tatu, barua hurudishwa kwa aliyeiandika. Hurudi na namba. Namba 5.2.2 maana yake ni kwamba sanduku la mpokeaji limejaa, na mara nyingine huandikwa 552. Basi mfanya kazi akiambiwa, "Tulikuandikia ukanyamaza," naye anajua kwamba sanduku lake lilikuwa limefungwa siku zile, mwakilishi wake na aulize: "Je, barua ilirudi? Tuonyesheni." Mafundi wanayo kumbukumbu ya safari za barua. Waombwe upesi, kwa sababu kumbukumbu hizo hazikai milele.

MTU AKIISHA KUBONYEZA

Sasa je, mwenzetu akiwa amekwisha kubonyeza na kuandika neno lake la siri? Asifiche. Kuficha ndiko kunakomsaidia mwizi. Afanye haya, saa ile ile:

1. Abadilishe neno la siri, kwa kupitia mlango wa kweli. Kama alikuwa akitumia neno hilo hilo katika benki au mahali pengine, abadilishe na huko.

2. Awapigie simu mafundi, awaombe wawatoe wote waliomo ndani ya sanduku lake.

3. Aombe wakague amri za siri za kupeleka au kuficha barua. Neno jipya peke yake haliondoi amri hizo.

4. Aiambie idara ya mishahara isikubali badiliko lolote la benki kwa jina lake mpaka yeye mwenyewe afike kwa miguu.

5. Awaonye wenzake ambao huenda wameandikiwa kwa jina lake.

6. Aiweke ile barua ya mwizi, asiifute. Ni ushahidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 imeufanya udanganyifu wa namna hii kuwa kosa la jinai.

Na ile namba inayotumwa katika simu yako ili uingie, usimpe mtu yeyote, hata akijiita fundi mkuu. Namba hiyo ni kufuli la pili. Wezi wanajua hivyo, na siku hizi huomba funguo zote mbili.

Kama mwenye kazi akitaka kumwadhibu mtu kwa sababu alidanganywa, akumbuke Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya makosa, ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, tena awe pamoja na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama kazini ambaye amemchagua mwenyewe, na maneno yao yasikilizwe. Usiingie chumba kile peke yako. Niteni, au mwiteni mwakilishi wenu. Aliyetoa habari mapema ameiokoa kampuni na hasara, na hilo lisemwe wazi mbele ya wakubwa.

TUNAYOYATAKA

Nimesema yale tunayopaswa kufanya sisi. Lakini mzigo huu si wetu peke yetu. Naliomba tawi hili lipeleke kwa wakubwa mambo manne.

La kwanza, tuambiwe kwa maandishi onyo la kweli linaandikwaje, linatoka anwani gani, na kwamba halitaomba neno la siri kamwe. Ofisi nyingine mafundi wake wenyewe hutuma barua zenye vitufe na haraka, kisha mfanya kazi akidanganywa na barua inayofanana nazo hulaumiwa. Mtu hawezi kuambiwa atofautishe mbuzi na kondoo gizani.

La pili, tupewe namba ya simu ya mafundi ambayo hujibiwa usiku pia. Treni za mizigo hutembea usiku, na karani wa zamu naye hupokea maonyo usiku.

La tatu, nafasi igawanywe kwa kazi, isigawanywe kwa cheo tu. Leseni za bei ya chini za Microsoft, zile zilizotengwa kwa watu wasiokaa ofisini, zina sanduku la GB 2. Za bei ya juu zina GB 100. Mwenye kazi ndiye anayechagua leseni gani anunue kwa nani. Basi huwa mtu wa yadini anayetuma picha za mabehewa mabovu kila siku ana mbili, na mkubwa anayejibu "Nimeona, asante" ana mia. Kisha yule wa mbili huambiwa ni mzembe kwa sababu sanduku lake limejaa.

La nne, barua za nidhamu na za kuachishwa kazi zisiachiwe barua pepe peke yake. Zikabidhiwe mkononi na zitiwe sahihi, na nakala ipewe chama kama mwanachama anataka.

Ndugu zangu, nimesema mengi, na zamu ya usiku inangoja. Kesho mkifika kazini, kila mmoja aende mlangoni mwenyewe, aangalie sanduku lake lina nafasi kiasi gani, aandike hesabu hiyo katika karatasi, na ampe mwakilishi wake. Wale wa GB 2 waandike GB 2. Karatasi hizo zikikusanywa, Katibu atakuwa na kitu cha kuweka juu ya meza siku ya mazungumzo, na hakuna atakayetuambia kwamba tunabuni.

Umoja ni nguvu.